Nalitaka Kumpa Kaka Yangu Ini Langu

Nataka kuwaeleza jambo lililotupata nyumbani kwetu, maana huenda likampata mmoja wenu naye.

Kaka yangu mkubwa alificha maumivu yake muda mrefu. Hata alipokonda, tumbo likajaa na macho yakawa manjano, ndipo tulipompeleka hospitali, tukaambiwa kwamba ana saratani ya ini. Nami nalikuwa nimesikia ya kuwa mtu mzima wa afya aweza kukatwa sehemu ya ini akapewa mgonjwa, na ini la kila mmoja likakua tena. Basi nalimwendea daktari, nikamwambia, "Bwana, nipasue mimi. Tumekwisha kubaliana kuuza shamba, tumpeleke Bara Hindi." Akakataa. Nalitoka na uchungu mwingi, nikidhani ametudharau kwa umaskini wetu.

Siku ya tatu akaniita, akanieleza polepole. "Mwalimu, donge la kaka yako limekwisha kuingia katika mshipa mkubwa wa damu, na mbegu zake zimetawanyika. Nikiliondoa ini bovu, zitalishambulia lile jipya. Tena dawa za kuufanya mwili ulipokee ini geni hupunguza nguvu zake za kupigana na saratani. Utakuwa umekatwa bure."

Akanipa mfano. Mwaka 1967, huko Denver, Marekani, daktari Thomas Starzl alimpandikizia ini mtoto mwenye saratani. Mtoto aliishi zaidi ya mwaka mmoja, jambo ambalo halijapata kuonekana kabla yake. Lakini saratani ilirudi, ikamwua. Mwaka 1996 daktari Vincenzo Mazzaferro na wenzake wa Milan, Italia, walitangaza kipimo: donge moja lisilozidi sentimita 5, au madonge yasiyozidi matatu, kila moja lisizidi sentimita 3, wala saratani isiwe imeingia mishipani. Katika wagonjwa 48 waliopandikizwa, kama robo tatu waliishi miaka 4 na zaidi.

Nikauliza, "Je, aliyepita kipimo hana tumaini?" Akajibu kwamba wengine wanalo, kwa kuwa hutibiwa kwanza ili madonge yapungue. Habari za hospitali 5 za Marekani, zilizotolewa mwaka 2022, zaonyesha hali ilivyokuwa miaka 10 baada ya kupandikizwa. Katika kila wagonjwa 100 wasiopita kipimo tangu mwanzo, kama 61 walikuwa hai; waliopita kisha wakapunguziwa madonge, 52; waliopandikizwa bila kupunguziwa, 43. Na saratani iliwarudia kama 13, 21 na 41 katika kila mia. Lakini kaka yangu hakuweza hata kupunguziwa, maana ini lake lilikuwa limekwisha dhoofika mno.

Ndipo nilipofahamu ya kuwa kukataa kwake hakukuwa dharau. Kaka yangu alifia nyumbani, mkono wake katika mkono wangu, na shamba lile leo lalimwa na wanawe.

Basi, ndugu zangu, wazee walisema kweli: mficha maradhi kilio humfichua. Mimi nimekwenda kupimwa homa ya ini aina ya B, ambayo huleta saratani hii, na watoto wetu wamechanjwa. Nendeni nanyi mapema, donge lingali dogo, au kabla halijaota kabisa.