Tulitaka Himalaya, Masasi ikatutoa jasho

UKIWAAMBIA watu wa Kariakoo kwamba fundi wa mafriji anajiandaa kupanda mlima wa Himalaya ambao hakuna binadamu aliyewahi kukanyaga kilele chake, watakuuliza swali moja tu: "Anavuta nini siku hizi?"

Basi bwana, sisi ndio hao. Tuko watano. Yupo Fundi Friji mwenyewe, yupo Mwalimu, dada wa shule ya msingi mwenye sauti ya kuamsha mtaa, yupo Mtu wa Benki, yupo Boda ambaye kazi yake unaijua, na mimi mwandishi wako ninayeishi ghorofa ya pili na kuhema nikifika ya kwanza.

Chanzo ni habari moja ya Agosti 2025. Serikali ya Nepal ilitangaza kufuta kwa miaka 2 ada ya vibali vya kupanda vilele 97 vilivyoko Karnali na Sudurpashchim, mikoa ya magharibi ya mbali ambako watalii ni wachache. Everest yenyewe, kibali cha msimu mkuu kilikuwa kinapanda kutoka dola 11,000 hadi dola 15,000, nani anaziweza? Lakini Nepal ina vilele chungu nzima visivyo na jina mjini, na vingine hakuna aliyevifikia tangu dunia iumbwe. Fundi Friji aliona neno "bure", akili ikahama. Kesho yake kibubu kilikuwa juu ya meza ya karakana yake.

Mapema kabisa nikuchekeshe: bure ni kibali tu. Ndege, chakula, bima na wabebaji unalipa kama kawaida. Hilo tulilijua baadaye.

Usidhani ni mambo ya wazungu peke yao. Wilfred Moshi, mwongoza wageni wa Kilimanjaro, alifika kilele cha Everest Mei 2012 na kuwa Mtanzania wa kwanza. Mei 2022 Mkenya James Kagambi akafika naye, akiwa na miaka 62! Mtu wa Benki yeye shujaa wake ni Cheruiyot Kirui, mfanyakazi mwenzake wa benki kutoka Kenya, ambaye picha yake ameiweka kwenye simu. Kirui tutamrudia.

Sasa mazoezi tufanyie wapi? Dar ni tambarare kama chapati. Boda akasema kwao Masasi mawe yamejaa, mjomba wake atatupokea, na bibi yake mzaa mama yuko Newala. Mwisho wa Septemba tukapanda basi.

Ukishapita Ndanda ndipo unaanza kuyaona. Nchi imelala, mikorosho kulia, mikorosho kushoto, mara jiwe jeusi limesimama peke yake kama boflo lililoungua. Halafu jingine. Halafu mji wenyewe umekaa katikati ya mawe hayo. Mkomaindo ndilo lililoipa hospitali jina, na chini ya Mtandi kuna kanisa kuu la Waanglikana. Askofu Edward Steere alipowaleta hapa watumwa walioachiwa huru kutoka Zanzibar mwaka 1876, safari ya kwenda Ziwa Nyasa ikaishia kwenye mawe haya. Sikushangaa. Kwa kweli yanamshika mtu. Ni mwamba wa zamani mno. Udongo laini ulioyazunguka umeondoka na maji kwa mamilioni ya miaka, yenyewe yamebaki yanatazama.

Mjomba alitupeleka kwanza kwa mwenyekiti wa mtaa kubisha hodi. Kilima tulichopanda jina lake nalificha, maana mwenyekiti alituomba tusimletee kundi la watu wenye kamba kila wiki.

Nikwambie na vifaa vyetu. Viatu ni mitumba ya Karume. Kofia ngumu ni helmeti za bodaboda. Kamba moja ilikuwa ya kweli, tuliazima kwa mgumu mmoja wa Moshi (wagumu ndio wabebaji wa Kilimanjaro, kama hujui). Nyingine ilikuwa ya nailoni, ya kufungia mizigo, na huyo mgumu alishatuonya kwamba kamba ya mlimani huvutika kidogo mtu akianguka, hii ya mizigo itakukata kiuno. Tuliibeba tu ipendeze kwenye picha.

Kosa letu lilikuwa usingizi. Mjomba alisema saa kumi na moja alfajiri. Sisi, kwa uchovu wa basi na supu ya asubuhi, tukaanza saa tatu. Maji tulikuwa na lita tano kwa watu sita, naye mjomba alikuwa hanywi, anatutazama tu, katambuga miguuni, fimbo mkononi.

Mwanzoni raha mtindo mmoja. Vichaka, kivuli, Mwalimu anaimba. Halafu vichaka vikaisha likabaki jiwe, na mteremko ukainuka. Sehemu nyingine jiwe linabanduka magamba kama kitunguu, ukikanyaga linalia "kwaa!" kwa chini. Ilipofika saa tano lilikuwa limeshika moto. Ukiweka kiganja unatoa. Soli ya kiatu changu kimoja ilianza kufunguka mdomo kama kambare. Saa sita maji yakaisha.

Kilele kilikuwa pale pale. Nakwambia pale, kama urefu wa minazi miwili. Fundi Friji alikuwa ameacha kutoka jasho na anaongea maneno ambayo hayajapangika. Mjomba akamtazama usoni, akasema, "Vijana, tunashuka."

Mtu wa Benki akagoma. "Mjomba, dakika ishirini tu! Ninyi kaeni, mimi nifike nirudi."

"Ukifika kule ukateleza, nani wa kukufuata? Mimi? Au huyu anayeweweseka?"

Kimya. Mwalimu akaanza kukunja kamba bila kumwuliza mtu. Mtu wa Benki alishuka, lakini alishuka na kinyongo cha kujaza kiroba.

Usiku huo kwa mjomba kasheshe lilizuka. Fundi alishapata maji na kivuli na uji wa chumvi, amelala anakoroma. Mtu wa Benki akasema wazi kwamba kama timu inarudi nyuma kwa kilima cha Masasi, yeye anataka sehemu yake ya kibubu. Miaka 2 ya Nepal inakwisha 2027, tukiahirisha tunapoteza bure yetu. Mwalimu akamwomba simu. Akafungua ile picha ya Kirui, akamwekea mbele. Kirui alikufa Mei 2024 karibu kabisa na kilele cha Everest, alikuwa anapanda bila oksijeni ya chupa. Na hakuwa peke yake, alikuwa na mwongozaji wake Mnepali, Nawang Sherpa, ambaye naye hakurudi. "Yule alikuwa amejiandaa kweli," Mwalimu akasema. "Wewe una helmeti ya boda."

Hakujibu. Alikwenda kulala nje barazani.

Kuna milima iliyobaki bila kupandwa si kwa sababu imewashinda watu. Gangkhar Puensum wa Bhutan, mita 7,570, ndio mrefu kuliko yote isiyopandwa duniani. Walijaribu mwaka 1985 na 1986 wakashindwa, kisha Bhutan yenyewe ikapiga marufuku upandaji: mwaka 1994 kwa milima ya zaidi ya mita 6,000, na mwaka 2003 kabisa, kwa kuheshimu imani za wenyeji. Machapuchare wa Nepal, Waingereza walifika karibu sana na kilele mwaka 1957 wakageuka, na tangu hapo umefungwa. Nilitaka kumweleza Mtu wa Benki hayo yote barazani. Nikaona nimwache na mbu wake.

Kesho yake tukaenda Newala. Gari linaacha tambarare, linaukwea ukingo wa uwanda wa Wamakonde, na ukifika juu unakuta upepo wa baridi na mchanga mwekundu. Ajabu ya uwanda huu ni maji. Mvua inanyesha vizuri tu, lakini mchanga unainywa yote, inakwenda kutokea chini kabisa mabondeni. Unauliza: sasa watu walifuata nini huku juu? Walifuata usalama. Zamani za vita vya Wangoni na biashara ya watumwa, vichaka vya hapa vilikuwa vizito kiasi kwamba adui hakujua pa kupitia. Usalama juu, maji chini. Katikati kuna ukuta wa mlima, na wa kuupanda ni mwanamke.

Ukitaka kuuona ukuta huo nenda pembeni ya mji, panaitwa Shimo la Mungu. Ardhi inakatika miguuni mwako. Mbele ni bonde la Ruvuma, na ng'ambo ni Msumbiji, bluu kama moshi. Vijana wa Newala huja hapo jioni na wapenzi wao, na sina la kuwalaumu.

Bibi yake Boda tulimkuta anamenya ming'oko.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba wajukuu zangu. Huyu mwekundu macho ana nini?" Alikuwa Mtu wa Benki.

Boda akamweleza habari ya Himalaya. Bibi akasikiliza mpaka mwisho. "Huko juu kuna maji?" Tukasema kuna barafu. "Sasa barafu mnaifuata ya nini?" Hatukuwa na jibu.

Ndipo akatupa habari yake. Alianza kushuka bondeni na mama yake akiwa binti mdogo, jogoo hajawika. Maji ya mabomba yaliingia uwandani miaka ya 1950, lakini mashine ikiharibika, njia ni ile ile ya bondeni. Ameipanda akiwa msichana, akiwa na mimba, na akiwa na mtoto mgongoni. Debe kichwani, lita karibu 20, maana yake kilo 20. Usiombe!

Fundi Friji, ambaye sasa alikuwa mzima, akasema tujaribu. Bibi akacheka mpaka akashika ubavu, akatoa ndoo. Akatufundisha kusokota ngata ya kanga, akatuambia tuweke matawi mabichi juu ya maji yasirukeruke. "Na msiachane," akasema. "Ukitua, nani atakutwisha?"

Neno hilo sikulitilia maanani. Kutwishana, kwetu wa mjini tunaokinga maji chooni, tumelisahau. Ndoo iliyojaa huwezi kujipandishia kichwani mwenyewe mwilini ukiwa hoi. Lazima wa pili ainue nawe. Ndiyo maana akina mama walikwenda makundi makundi, na ndiyo maana aliyechoka hakuachwa.

Tuliondoka gizani, safari hii hakuna supu. Kushuka saa moja kasoro. Kupanda... Shingo inaingia mabegani, paja linatetemeka, maji yanakudondokea jichoni. Mwalimu alikwenda kama aliyezaliwa huko, hatua fupi, pumzi ndefu, anasimama kabla hajachoka. Mimi nilimwaga nusu, nakiri. Mtu wa Benki alitangulia. Alitaka kulipa deni la Masasi. Akapotea kwenye kona za juu, hatumwoni.

Tulimkuta amekaa juu ya jiwe, ndoo chini, shati limelowa. Alikuwa ametua apumzike, kisha akashindwa kuipandisha. Alijaribu mara tatu, mara zote inammwagikia kifuani. Imebaki robo. Ana nguvu kuliko sisi wote yule kijana, anakwenda gym, na alikuwa amekaa pale anaitazama ndoo.

Mwalimu hakusema kitu. Alituliwa ndoo yake, akaigawa, akamjazia ya kwake hadi nusu. Akashika mdomo huu wa ndoo, Mtu wa Benki akashika ule. "Haya, moja, mbili..." Ikakaa kichwani. Tukamtwisha na yeye. Saa mbili na nusu tangu kisimani tukatokea juu, wote watano, na watoto wa shule wanatucheka.

Mchana chini ya mkorosho tulipiga kura. Masasi na Newala zimetupa miguu, lakini hewa nyembamba hazina. Kwenye mita 5,500 hewa inabaki kama nusu ya ile ya pwani, na vile vilele 97 viko juu ya hapo. Kibo yetu nayo ina mita 5,895! Hivyo kwanza Kibo, tukaijue pumzi. Nepal baadaye, hata kama bure itakuwa imekwisha na kibubu kitatakiwa kunona. Na kabla ya Kibo, turudi kwa mjomba, saa kumi na moja alfajiri kweli, tumalizie ile minazi miwili. Kura zilikuwa nne. Mtu wa Benki hakunyoosha mkono, lakini sehemu yake hakuidai tena.

Tulirudi Dar, kila mtu na njaa zake. Wiki ya pili, saa kumi na mbili kasoro asubuhi, simu yangu ikalia. Ni yeye, anahema. Yuko kwenye kilima cha Chuo Kikuu na ndoo ya lita 20, ametua karibu na kituo cha daladala, wanafunzi wanampita wanampiga picha.

"Uko wapi wewe?" akaniuliza. "Njoo unitwishe."