Kengele ya Black Mamba

Mnunuzi wa chuma chakavu aliining'iniza baiskeli ya baba kwenye mizani kama mbuzi wa Krismasi, akasoma: kilo 21. Alizing'oa tairi akazitupa kando, kwa kuwa mpira si chuma, kisha akaisukumiza fremu mkokotenini pamoja na sufuria zilizotoboka. Ulikuwa mwaka 2009. Kiangazi kilikuwa kimelifyonza Ziwa Naivasha hadi ukingo wake ukasogea mbali na pale tulipouzoea, na mimi nilikuwa na pikipiki mpya. Sikuona haja ya kuendelea kulilaza lile jichuma stoo.

Black Mamba ndilo jina tulilozipa baiskeli zile nyeusi kutoka India na China. Breki zake zilivutwa kwa vyuma, si kwa waya. Gia ilikuwa moja tu, nayo kerieri yake ingebeba ndama kama ndama angekubali kutulia. Sisi watoto hatukulifikia tandiko. Tulijifunza kwa kupenyeza mguu chini ya bomba la juu, mwili umepinda kama ndizi, tukipiga pedeli nusunusu. Aliyejifunza hivyo utamjua hata uzeeni: bado huegemea upande mmoja.

Kwetu kulikuwa karibu na Kongoni, magharibi mwa ziwa. Kila Jumamosi nilipeleka mahindi mashineni. Gunia lilifungwa kwa blada tatu, zile tyubu kuukuu zilizokatwa vipande virefu. Mbili hazikutosha kwa barabara ile, maana changarawe ilikuwa imejikunja kama mabati, na kila wimbi lilikuingia menoni. Hivyo ulitafuta kile kijia chembamba pembeni, upana wa kiganja, kilicholainishwa na tairi za waliokutangulia. Ukikipoteza, gunia lilianza kucheza, na gunia likianza kucheza, usukani si wako tena.

Magari? Uliliona vumbi kabla ya kusikia ngurumo. Lilikuwa lori la shamba, au Land Rover ya mzungu fulani. Ulishuka, ukageukia michongoma, ukaziba pua kwa kola ya shati, ukangoja. Baadaye barabara ilikuwa yako tena, wakati mwingine hadi unafika. Pundamilia walivuka wapendavyo. Tuliowahofia ni viboko, ambao giza likianza kuingia hutoka ziwani kwenda kula majani, na kiboko hajui kumpisha mtu.

Likizo ya Agosti ndiyo iliyokuwa safari yenyewe. Mimi na kaka yangu, baiskeli moja, tulizunguka ziwa kwa upande wa kaskazini kwenda kwa nyanya yetu, shosho tulivyomwita, aliyeishi juu kidogo ya Mto Malewa. Tulipita kando ya mafunjo, tukapita chini ya migunga yenye magome ya manjano kama imepakwa masala, tukavuka barabara kuu ya Nakuru mbio mbio kama kuku, kisha tukashika njia ya mto. Malewa hushuka kutoka milima ya Nyandarua, na ndiyo inayolijaza ziwa kwa sehemu kubwa. Mwalimu wetu alipenda kutuuliza swali moja: ziwa halina mto unaotoka humo, mbona si la chumvi kama Elementaita? Tulijibu kwa pamoja kwamba maji yake hupenyea chini ya ardhi. Hilo ndilo somo la jiografia ninalolikumbuka hadi leo, pengine kwa sababu nililipita kwa miguu na magurudumu.

Bondeni baridi ilikuwa nyingine. Njia ilikuwa ya ng'ombe na wanawake wa kuni, changarawe nyekundu na mawe ya mtoni. Hapakuwa na gari kwa sababu gari lisingepita. Kwenye kivuko tuliibeba Mamba begani, na tulipotia mguu ng'ambo nilipiga kengele. Krr mara mbili: wageni wawili. Shosho alipima unga kwa kuhesabu kengele. Mwaka mmoja kaka yangu alipiga tano kwa mzaha, na tulilazimika kuumaliza ugali wote.

Sasa nikiri. Tuliichukia barabara ile. Hatukuwahi kukaa kwenye baraza ya chifu bila mtu kusimama kudai lami, na nilipokuwa mkubwa nilisimama mimi. Mashamba ya maua yalikuwa yameenea kusini mwa ziwa, vibanda vya plastiki vikimetameta juani kama ziwa la pili, na watu wakaja kutoka kila pembe ya Kenya kutafuta kibarua. Karagita iligeuka mji. Huko Olkaria mvuke wa ardhini ulikuwa ukitoa umeme tangu 1981. Iweje sisi tule vumbi? Kisha mwaka 2008 serikali ikaondoa kodi ya VAT kwa pikipiki ndogo, na katika muda mfupi kila kijana aliyekuwa na baiskeli alikuwa na pikipiki, au deni la pikipiki. Mimi nilikuwa na vyote viwili.

Kwa hiyo barabara tuliyoililia tuliipata, na waliotufuata juu yake tuliwaalika wenyewe.

Mwaka jana mpwa wangu alinijia na baiskeli mbili garini. Ni zile za siku hizi: usukani uliopinda kama pembe za kondoo, tairi nene zenye vijino, breki za diski, gia zisizohesabika, na hakuna hata madigadi. Anafuata mashindano ya changarawe. Alinieleza kuhusu mbio za siku kadhaa za Maasai Mara zilizoanza 2021, na kuhusu Sule Kangangi, Mkenya aliyekuwa nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 kwa kuanguka mashindanoni Vermont, Marekani. Alipolitaja jina hilo alipunguza sauti.

Tulianzia Hell's Gate, hifadhi iliyotengwa 1984, mojawapo ya chache nchini unakoruhusiwa kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Nilitoa kiingilio. Nilicheka peke yangu langoni: mtu mzima, nalipa ili nikale vumbi. Na hata humo van za watalii zilitupita zikituachia wingu lile lile la zamani, ila sasa sikugeukia michongoma. Magoti hayakuniruhusu.

Kesho yake akasema, "Mjomba, nataka njia isiyo na gari kabisa. Mkiwa watoto mlipita wapi?"

Nikampeleka kaskazini. Sehemu moja ilinibidi nisite, kwa kuwa maji yaliyopanda 2020, yale yaliyowahamisha watu wa mtaa wa Kihoto, yalikuwa yameacha migunga iliyokufa imesimama wima, myeupe mitupu, na sikuitambua pembe ile ya ziwa. Bodaboda zilitupigia honi kwa heshima, kama wanavyompigia mzee anayesukuma gunia. Lakini tulipoiacha barabara kuu na kuushika mto, kelele ilikatika. Changarawe ile ile. Mpwa wangu alitangulia akipiga mbinja kwa furaha, akaniuliza bila kugeuka, "Mjomba, na ile Black Mamba ya babu iko wapi? Watu Nairobi wanazitafuta."

Nilimwambia iliibiwa.

Tulizibeba baiskeli kivukoni. Yake ilikuwa nyepesi mno, nikaibeba kwa mkono mmoja. Nilipotia mguu ng'ambo kidole gumba kikateleza kwenye usukani kutafuta kengele, kikakuta mpira mtupu. Nikapiga mluzi mara mbili. Mbwa wawili wakabweka kule juu, katika boma ambalo sasa ni la watu wengine.