Msiniambie Nipumzike

Marafiki zangu wana roho nzuri. Wakiniona asubuhi natembea nimejikunja kama mzee, wananiambia, "Kaka, leo usitoke, pumzika." Mmoja ananipokea begi, mwingine ananiletea chipsi mayai hadi chumbani. Nawashukuru, ila ugonjwa wangu haupendi kitanda.

Nina ankilosi spondilaitisi, aina ya baridi yabisi inayoshika uti wa mgongo na nyonga. Mara nyingi huanza ujanani, kabla ya miaka 45. Si kama maumivu ya kubeba mzigo: huu mgongo ukilala unakaza, ukitembea unalegea.

Sasa kuna upande wa pili ambao vijiweni hauzungumzwi. Kliniki, daktari alipomaliza na mgongo alitoa tepu kama ya fundi cherehani, akanizungushia kiunoni. Akapima presha, akaagiza vipimo vya sukari na mafuta kwenye damu. Nikamuuliza, "Dokta, hayo si ya wazee?" Akaniambia wenye ugonjwa huu hatusubiri uzee.

Yako mambo matano: kiuno kipana, presha kuanzia 130/85, sukari kuanzia 5.6 kabla ya kula, trigliseridi nyingi, na upungufu wa yale mafuta mazuri. Ukiwa nayo matatu, hiyo ni sindromu ya kimetaboliki, na safari ya kufikia kisukari au ugonjwa wa moyo imekuwa fupi. Uvimbe unaochoma mgongo ndio huo huo unaoifanya insulini ishindwe kufanya kazi yake vizuri. Maumivu yanakuketisha, kitambi kinakua. Hata diklofenaki inayotutuliza inaweza kupandisha presha.

Mimi nilikutwa na mawili: kiuno na presha. Nina miaka 23.

Kwa hiyo wadau, begi nipokeeni, lakini twendeni wote kwa miguu hadi kimbwetani. Kipindi cha saa tatu nikisimama nyuma ya darasa, msidhani naleta dharau. Na wewe ambaye mgongo unakukaza kila asubuhi, miezi mitatu sasa, na ukitembea unapata nafuu, usiishie kumeza vidonge vya dukani. Nenda hospitali. Ukifika, mwambie daktari akupime na presha.