Kurudia Mtihani Si Aibu

Siku matokeo ya Mtihani wa Dola yanapotangazwa, hapa Katoyi hakuna asiyejua. Vigelegele huanza katika nyumba moja, vikavuka ukuta wa mbao hadi nyumba ya pili. Na mara vijana waonekana njiani, nywele na nyuso zao nyeupe kwa poda waliyomwagiwa na ndugu na rafiki. Pikipiki zapiga honi, akina mama wacheza juu ya mawe meusi ya volkano, na mzee asiyejua kusoma ajisifu ya kuwa mjukuu wake amepata diploma. Furaha hiyo ni halali, nasi twashiriki kwa moyo wote.

Lakini siku hiyo hiyo ziko nyumba ambazo milango yake hufungwa mapema. Humo yumo kijana aliyefanya mtihani kama wenzake, naye hakufaulu. Leo, wasomaji wapendwa, twapenda kusema habari za nyumba hizo, maana zile nyingine zina waimbaji wa kutosha.

Mtihani huu, ambao vijana wetu huuita Egzeta, ulianzishwa mwaka 1967. Tangu hapo mtoto wa Goma, wa Kinshasa na wa kijiji kidogo cha Walikale hupimwa kwa kipimo cha nchi nzima. Insha ya Kifaransa hutangulia. Kisha huja siku nne za maswali: maarifa ya jumla, sayansi, lugha, na masomo ya sehemu aliyosomea mtahiniwa. Kila swali lina majibu kadhaa, naye huchagua lililo sahihi. Apataye asilimia 50 amefaulu. Akosaye hana diploma, na asiye na diploma ya Dola haingii chuo kikuu. Basi si ajabu nyumba nzima kutetemeka.

Tulimfahamu binti mmoja wa mtaa huu, mwanafunzi wa sehemu ya Biashara. Baba yake alisukuma chukudu, mama yake aliuza makaa. Binti alitamani kujifunza uongozi wa biashara chuoni. Mara ya kwanza alishindwa, na jirani walimpa pole. Mara ya pili alishindwa tena, na pole ikageuka minong’ono. Baba yake mdogo alifika jioni, akasema mbele ya wote: “Kaka, fedha yako yamwagika juu ya mawe. Mwoze huyu binti, usomeshe wadogo zake.” Baba alinyamaza. Mama ndiye aliyejibu: “Shemeji, makaa yaliyonyeshewa hayawaki kwa kiberiti kimoja. Tutapuliza tena.”

Siku chache baadaye binti huyo alitujia, akauliza: “Mwalimu, vitabu vyote nimevisoma mara mbili. Sasa nivisome mara ya tatu?” Tukamjibu: “Hapana, binti yetu. Kwanza tutafute ulipoangukia.” Tukaketi naye pamoja na maswali ya miaka iliyopita.

Tuliyoyaona yalitufundisha sisi pia. Hesabu za biashara alizijua vema. Aliweza kupanga mali na madeni pasipo kukosa. Alichokosa ni kuelewa swali. Nyumbani kwao, kama nyumbani kwa wengi wetu, Kiswahili ndicho lugha ya kula na ya kusali. Lakini mtihani waulizwa kwa Kifaransa. Neno moja dogo, sauf, yaani “isipokuwa”, lilimwangusha mara nyingi: swali lilitaka jibu lisilofaa, naye akachagua lililofaa. Tena, alipokutana na swali gumu alishindana nalo hata muda ukaisha, huku maswali mepesi yakimngoja chini ya karatasi. Na usiku alisoma kwa taa ya simu mpaka jogoo la kwanza, mchana akasinzia darasani.

Basi njia ikabadilishwa. Kila siku alijibu maswali ishirini, na kila kosa aliliandika katika daftari: swali, jibu alilochagua, na sababu ya kukosa. Jumamosi aliyarudia makosa hayo tu. Pamoja na rafiki zake wawili alieleza masomo kwa sauti, kwa Kifaransa, mmoja akieleza na wengine wakimsahihisha. Maswali magumu alijizoeza kuyaacha kwanza na kuyarudia mwishoni. Na saa nne ya usiku mama yake alimzimia taa, apende asipende.

Hapo ndipo twaona tofauti ya uvumilivu na ukaidi. Mkulima wa Goma akipiga jembe likagonga jiwe la volkano, hapigi pale pale mpaka jembe livunjike. Husogea, hutafuta udongo uliomo kati ya mawe, na hapo hupanda maharagwe yake. Mwenye kurudia mtihani kwa njia ile ile iliyomwangusha avunja jembe. Mwenye kutafuta udongo ndiye mvumilivu.

Hata Kanisa letu lina shahidi wa jambo hili. Mtakatifu Yohane Maria Vianney alizaliwa Ufaransa mwaka 1786, akaanza masomo ya upadre akiwa amekwisha kuwa kijana mkubwa. Kilatini kilimshinda, katika seminari ya Lyon hakuweza kuwafuata wenzake, akaondolewa. Lakini Padre Balley, paroko aliyemlea, hakumwacha. Alimfundisha upya, akamwombea kwa wakubwa ajaribiwe kwa lugha aliyoielewa. Mwaka 1815 alipata upadre, na mwaka 1925 Kanisa lilimtangaza Mtakatifu. Tazameni: si yeye peke yake aliyevumilia. Palikuwa na mtu aliyevumilia pamoja naye.

Yapo na majaribu mengine. Majuma machache kabla ya mtihani, mtu alimwendea yule binti akitaka kumwuzia majibu, ati yatamfikia kwa simu. Baba mdogo akashauri: “Wote wanafanya hivyo. Nunua, mambo yaishe.” Binti akakataa. Alisema: “Baba mdogo, nikinunua diploma, chuoni nitanunua nini? Na kazini je?” Twaona jibu hilo lina uzito, hasa katika mji huu. Mwenye Heri Floribert Bwana Chui alizaliwa hapa Goma mwaka 1981. Alifanya kazi ya kukagua bidhaa zinazoingia nchini. Akapewa rushwa apitishe chakula kilichooza, akaikataa, na mwezi wa Julai 2007 akauawa. Tarehe 15 Juni 2025, huko Roma, alitangazwa Mwenye Heri. Diploma iliyonunuliwa ni chakula kilichooza: mnunuzi hushiba leo, nao watakaougua ni wale atakaowahudumia kesho.

Binti huyo alifanya mtihani mara ya tatu, akapata asilimia 53. Poda alimwagiwa na mama yake, kwa mikono iliyokuwa bado nyeusi kwa makaa.

Lakini tusidanganyane: si kila arudiaye hufaulu. Twamjua pia kijana aliyejaribu mara tatu, akajifunza useremala, na leo vitanda vyake hununuliwa kabla havijapigwa rangi. Yeye naye hakupoteza. Saburi aliyojifunza kwenye daftari aitumia kwenye randa. Na aliyekwisha kuacha shule hajafungiwa mlango: aweza kujiandikisha kama mtahiniwa aliyejifundisha mwenyewe, akifaulu kwanza jaribio la awali.

Basi, wazazi wapendwa, yatupasa mambo matatu. La kwanza, siku ya matokeo mabaya tumpe mtoto chakula na kimya, maswali yangoje. La pili, tusimtume arudie kabla hajajua alipoangukia. Tumtafutie mwalimu, au jirani aliyefaulu, wakae naye. La tatu, tusitoe hata senti moja kununua majibu, wala tusimwoze binti kwa sababu ya karatasi moja.

Mji wetu wajua kuanza upya. Tarehe 17 Januari 2002 moto wa Nyiragongo ulipita katikati yake. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ukawaka tena, na siku chache baadaye watu wengi mno wakahama kwa miguu. Mwezi wa Januari 2025 vita viliingia mjini, na shule zikafungwa kwa muda. Kila mara watu wamerudi, wakasawazisha mawe, wakasimamisha mbao, watoto wakashika tena madaftari. Basi twamwomba Mungu awajalie hekima wote wanaojiandaa kurudia mtihani mwaka huu, na sisi wakubwa atujalie subira ya kukaa nao.