Niliua Samaki wa Mathe

Wasee, leo nakiri. Nilipoacha chuo nikarudi nyumbani, mathe alinipa kazi moja: kuchunga kidimbwi chake cha tilapia. Maji yakageuka kijani kama supu ya managu. Nikanunua dawa, nikamwaga yote mara moja.

Mwani ulikufa, kweli. Lakini ukifa wote pamoja huoza, na kule kuoza kunamaliza oksijeni. Asubuhi samaki wote walikuwa wanaelea. Mathe hakunigombeza. Alinyamaza tu, na hiyo ikaniuma zaidi.

Kumbe mwani nilikuwa naulisha mimi mwenyewe: chakula kilichobaki, majani yaliyooza, jua siku nzima.

Tumeanza upya. Samaki wanapata kile wanaweza kumaliza kwa dakika chache. Majani natoa kwa wavu. Nimepanda mayungiyungi, yale maua ya majini, yafunike karibu nusu ya maji. Yanaleta kivuli na kunyonya mbolea ambayo mwani ungekula. Gugumaji sitaki hata kuliona, uliza watu wa Kisumu.

Imechukua miezi miwili. Jana nimeona mkia wa samaki chini kabisa. Nikamwita mathe aje aone.