Barua kutoka Pittsburgh: Elimu Iliyozaliwa na Kukatika kwa Mtandao

Ndugu zangu wapenzi,

Mji huu wa Pittsburgh, uliojengwa pale mito ya Allegheny na Monongahela inapokutana ikawa mto Ohio, umenipokea kwa baridi kali lakini kwa ukarimu. Wengi wenu mmeniuliza ni elimu gani hii ya kompyuta za mkononi inayomlazimu mtu kuvuka bahari, ilhali simu kila mmoja anayo mfukoni. Na kwa kuwa swali hilo ni la haki, nimeona ni wajibu wangu kulijibu kwa utulivu.

Msingi wa elimu hii ni jambo ambalo sisi tumelizoea tangu utotoni, nalo ni kukatika kwa mtandao. Mnamo mwaka 1987, hapa katika Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Profesa Mahadev Satyanarayanan na wenzake walianza kuunda mfumo wa kuhifadhi mafaili ulioitwa Coda, wakajiuliza kompyuta ifanye nini itengwapo na seva yake. Jawabu lao lilikuwa na hatua tatu. Kwanza, maadamu mawasiliano yapo, chombo kijiwekee akiba ya mafaili ambayo mwenyewe aelekea kuyahitaji, mithili ya nahodha ajazaye maji matangi yake kabla ya kung'oa nanga. Pili, mawasiliano yakatikapo, chombo kiendelee kumtumikia mwenyewe kwa akiba ile ile, huku kikiandika katika daftari kila badiliko lifanywalo. Tatu, mawasiliano yarejeapo, daftari lile lipelekwe kwa seva, badiliko kwa badiliko, mpaka pande zote mbili zilingane.

Hatua hiyo ya tatu ndiyo yenye mashaka. Juzi maabarani tuliweka mezani simu mbili zenye rekodi ya mtoto mmoja wa kliniki, mtoto wa kubuniwa kwa ajili ya somo. Tukazikatia mtandao, kisha katika simu moja tukaandika kuwa uzito wake ni kilo 8.2, na katika nyingine kilo 8.6. Tulipowasha mtandao, programu ya majaribio ilishika tarakimu iliyofika mwisho na kuifuta ile ya kwanza, wala haikumwarifu yeyote. Mwalimu wetu alilikazania sana jambo hilo, akatufahamisha kwamba programu yenye insafu huzihifadhi habari zote mbili, kila moja na saa yake na jina la aliyeiandika, kisha humwachia muuguzi hukumu, kwa sababu yeye ndiye aliyemwona mtoto.

Fauka ya hayo, liko suala la betri. Redio ya simu, yaani kile kifaa cha ndani kinachowasiliana na mnara, ikishaamshwa kwa ajili ya ujumbe mdogo, aghalabu hubaki macho sekunde kadhaa baada ya ujumbe kwenda, ikila umeme bila faida; kwa hiyo mwandishi hodari wa programu hukusanya jumbe ndogo ndogo akazipeleka kwa mkupuo mmoja. Kwa mkulima anayelipa fedha dukani ili achajiwe simu yake, hekima hiyo ina thamani kubwa kuliko rangi na madoido ya kwenye kioo.

Wala msidhani kwamba mambo haya ni ya wageni peke yao. M-Pesa ilipoanza nchini Kenya mwezi Machi mwaka 2007, ilipita katika menyu iliyowekwa ndani ya laini yenyewe, ikafanya kazi katika simu ndogo za vibonyezo zisizo na intaneti, na kwa sababu hiyo ikawafikia watu ambao benki hazikuwahi kuwafikia. Aliyeyapima mazingira yetu kama yalivyo ndiye aliyefaulu.

Kwa hiyo nawasihi vijana wetu wasiione hali ya mtandao wetu kuwa aibu ya kufichwa, kwani wao wanayajua kwa mazoea yale ambayo wenzetu huku huyasoma kwa bidii. Mwenye kuweza hesabu na asome. Na asiyetaka kuja mbali huku afahamu kwamba chuo hiki hiki kina tawi Kigali, ambako hufundishwa shahada ya uzamili ya teknolojia ya habari. Wazazi nao wasiwazuie mabinti zao, maana kazi hii yahitaji akili na subira, na hayo Mungu hakuwanyima wao.

Wasalaam,
Ndugu yenu wa ughaibuni