Injini Ikikosa Mpigo, Iulizwe Kabla ya Kufungua Mfuko

Dalili ya mvua ni mawingu, na dalili ya maradhi ya injini ni sauti yake. Lakini si kila wingu huleta mvua, wala si kila mtetemo wa gari una maana ya kwamba injini imekwisha. Askari wengi, wakisha kumaliza utumishi, hutumia kiinua mgongo chao kununua pikapu kuukuu iwe jembe la nyumba. Jembe hilo likipoteza makali, kinachotikisika si bodi peke yake: hutikisika pia chakula, kodi ya nyumba na karo ya watoto.

Yupo sajini mmoja mstaafu wa polisi, aliyekuwa dereva kwa miaka mingi, ambaye makazi yake ni pembeni mwa mji wa Masaka, Uganda. Pikapu yake ni Datsun 1200 ya miaka ya 1970. Mkewe hununua matoke vijijini, nayo pikapu huyachukua hadi soko la Nyendo, na mara nyingine hadi Kampala, mwendo wa kilomita takriban 130. Msimu mmoja wa mvua, injini ilianza kukosa mpigo. Kwa lugha ya mafundi, ilikuwa inamisi. Ikisimama kwenye mdundo wa taratibu ilitikisika kama mtu mwenye homa. Ikishika mwendo, hali ilitulia kidogo, lakini mlimani nguvu zilipungua.

Fundi wa kwanza alisikiliza kwa dakika moja akasema, "Afande, hiyo ni kabureta. Nunua nyingine." Wa pili alisema injini ifunguliwe yote. Kila shauri lilikuwa na bei yake, na fedha zilizokuwamo nyumbani zilikuwa za karo, zimewekwa ndani ya kopo kungojea muhula mpya.

"Baba watoto," mkewe alimwambia, "fedha hizi zina jina. Zikitoka humu, nataka kujua zinakwenda kutibu ugonjwa gani."

"Nipe siku 2, Mama watoto," alijibu sajini. "Tutaiuliza injini yenyewe."

Injini ya gari hilo ina silinda 4 na ujazo wa sentimita za ujazo 1,171. Silinda ya kwanza ni ile iliyo karibu na rejeta, na mpango wa kuwaka ni 1-3-4-2. Ili silinda ipige, yahitajika mambo matatu: cheche iliyofika kwa wakati wake, petroli iliyochanganyika na hewa kwa kiasi, na mgandamizo wa kutosha. Yote matatu yakikutana, mpigo hutokea. Likikosekana moja, silinda hunyamaza na zile nyingine huibeba kama maiti.

Siku ya kwanza sajini alishughulika na cheche, kwa kuwa ndiyo rahisi kuikagua na ndiyo huathirika upesi kwa unyevu. Usiku, mahali penye giza, alifungua boneti injini ikiunguruma, akatazama kama cheche za buluu zinatambaa juu ya nyaya za plagi. Hakuona kitu. Alizima injini, akafungua kifuniko cha distributa, akakipangusa kwa kitambaa kikavu na kutafuta ufa mwembamba kama unywele. Alipima nafasi ya platini, ambayo kwa gari hilo huwa kati ya milimita 0.45 na 0.55. Yote yalikuwa sawa, na injini iliendelea kutikisika.

Ndipo alipoitafuta silinda yenye kosa. Breki ya mkono ikiwa imevutwa na gia ikiwa huru, alichomoa waya wa plagi moja kwa koleo lenye mpini wa mpira, akasikiliza, akaurudisha. Kisha wa pili, kisha wa tatu. Alipochomoa waya wa silinda ya 1, ya 2 na ya 4, injini ilizidi kulegea. Alipochomoa wa silinda ya 3, hapakuwa na mabadiliko yoyote. Silinda isiyosikitikiwa inapoondolewa ndiyo iliyokuwa haifanyi kazi. Njia hiyo yafaa kwa magari ya zamani yenye platini. Kwa magari yenye vifaa vya elektroniki, yaweza kuharibu vifaa hivyo na kumpiga mtu shoti kali. Na kwa gari lolote, mikono na nguo viwe mbali na feni, wala pasiwe na sigara karibu.

Jibu hilo moja lilitosha kuiondolea kabureta sehemu kubwa ya lawama. Kabureta moja hulisha silinda zote 4, na si rahisi imnyime chakula mtoto mmoja huku ikiwashibisha ndugu zake watatu. Sajini alizikaza nati za njia ya hewa, asije akadanganywa na upenyo wa upande mmoja. Kisha alibadilishana plagi ya silinda ya 3 na ile ya silinda ya 2. Kosa halikuhama. Alifanya hivyo hivyo kwa nyaya. Kosa lilibaki pale pale. Tena alibadilisha kitu kimoja tu kila mara, kwa sababu anayebadilisha vitu vitatu kwa pamoja hajui ni kipi kilichomponyesha mgonjwa.

Siku ya pili aliazima kipimo cha mgandamizo. Injini ilipokwisha kupata moto, aliiondoa cheche kwenye koili na kufungua plagi zote 4. Binti yake mkubwa aliketi ndani, akakanyaga mafuta hadi mwisho na kuzungusha ufunguo kila alipoambiwa. Silinda ya 1, ya 2 na ya 4 zilitoa takriban kilo 10 kwa kila sentimita ya mraba. Silinda ya 3 ilitoa 6. Masaka ipo zaidi ya mita 1,200 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na namba za huko huwa chini ya zile za kitabu. Kwa hiyo jambo la maana ni kulinganisha silinda na wenzake.

Alitia kijiko kimoja cha oili ndani ya silinda ya 3, akapima tena. Laiti namba ingepanda sana, lawama ingekuwa ya ringi za pistoni, maana oili huziba pengo lake. Namba haikupanda. Silinda za jirani zilikuwa nzima, hivyo gasketi ya hedi haikuwa na dalili ya kupasuka. Palibaki valvu.

Alipofungua kifuniko cha juu, alikuta nafasi ya valvu ya kutolea moshi ya silinda ya 3 imetoweka. Kwa injini hiyo ikiwa moto yapasa iwe milimita 0.35, lakini hata jani la 0.10 halikupita. Watu wengi hudhani uchakavu daima huongeza nafasi. Sivyo: valvu ikizama kitini mwake, nafasi hupungua, valvu haifungi sawasawa, mgandamizo huvuja, na ukingo wake huungua kwa moto ambao ungepoozwa na kiti. Tena valvu iliyolegea hupiga kelele, na mwenye gari akaisikia. Iliyokaza hunyamaza, na ndiyo ya kuogopwa.

Sajini alirekebisha nafasi, akafunga, akawasha. Mtetemo ulipungua sana. Gharama yote ilikuwa gasketi ya kifuniko na oili kidogo, na kopo la karo halikuguswa.

Hata hivyo hakumficha mkewe ukweli. Baada ya juma moja alipima tena, na silinda ya 3 ilitoa 9, si 10. Maana yake ukingo wa valvu ulikuwa umekwisha kuungua kidogo, na rekebisho pekee halirudishi chuma kilicholiwa na moto.

"Haijapona, Mama watoto. Imepata nafuu."

Mama watoto alitafuta kopo la pili. Humo huingia sehemu ndogo ya mapato ya kila safari, ili karo ikisha kulipwa, hedi ifunguliwe na valvu zisagwe kwa fedha zilizotengwa kwa kazi hiyo. Pembeni mwa kopo lipo daftari lenye namba za silinda zote 4 na tarehe zake, na kila baada ya miezi 3 binti yule huketi tena ndani ya gari, akiwa na ufunguo mkononi.